Uvimbe Ukishuka, Usitupe Vidonge

Liko shauri moja lipitalo upesi kutoka nyumba hata nyumba hapa Bunagana. Mgonjwa amerudi kutoka hospitali. Uso uliokuwa umevimba umeshuka, viatu vinamwenea tena, anaweza kwenda shambani. Ndipo jirani humwambia, “Dada, umekwisha pona. Dawa nyingi huharibu mwili. Acha sasa.” Shauri hili hutolewa kwa upendo. Lakini kwa mgonjwa ninayetaka kumsema leo, ni shauri la kumwua. Mgonjwa huyo ni mwenye ugonjwa uitwao lupusi, ambao umeingia katika mafigo.

Lupusi si ugonjwa wa kuambukiza. Wala si sumu aliyotiwa mtu katika pombe, kama wengi wasemavyo waonapo mwili umevimba. Ndani ya damu yetu wako askari, na kazi yao ni kupigana na vijidudu. Katika lupusi askari hao hukosea, wakaupiga mwili wenyewe: ngozi, viungo, na mara nyingi mafigo. Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi wao wangali katika miaka ya kuzaa.

Mafigo ni kama kichungi. Hutoa uchafu, huzuia kilicho chema kisipotee. Yakipigwa, protini ya damu hupita ikatoka katika mkojo. Ndiyo sababu mkojo hutoa povu nyingi, miguu na uso huvimba, na presha ya damu hupanda.

Sasa angalia vema, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu wa malaria hunywa vidonge siku 3, vijidudu hufa, kazi imekwisha. Dawa za lupusi si hivyo. Hakuna kijidudu cha kuua. Dawa hizi huwatuliza askari wa mwili wasiendelee kupiga. Prednisoloni huwatuliza upesi. Mikofenolati, azathioprini na siklofosfamidi hufanya kazi hiyo polepole. Tena iko hidroksiklorokwini, ambayo huzuia ugonjwa usiamke. Basi uvimbe ukishuka, maana yake askari wametulizwa. Si kwamba wameacha ukosefu wao. Ukiondoa dawa mapema, mara nyingi wataanza tena. Na kila wapigapo mafigo, kovu huweza kubaki. Kovu la figo haliondolewi na dawa yo yote. Makovu yakizidi, mafigo hushindwa, na mtu huhitaji mashine ya kuosha damu, kwa kawaida mara 3 kila juma. Nani kati yetu hapa Bunagana ataweza kusafiri mara 3 kila juma kuifuata mashine hiyo?

Katika miaka ya 1950, karibu nusu ya wagonjwa wa lupusi walikufa kabla ya kumaliza miaka 5. Siku hizi, mahali penye dawa na vipimo, zaidi ya 9 katika 10 huipita miaka hiyo. Dawa hizi ni sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Na zinachukua muda. Mashauri ya mwaka 2024 ya KDIGO, shirika la kimataifa la ugonjwa wa mafigo, husema kwamba kwa lupusi kali ya mafigo matibabu haya yasipungue miezi 36. Ni miaka 3 kamili, ingawa kipimo cha dawa hupunguzwa hatua kwa hatua. Prednisoloni hasa isiachwe kwa ghafula. Mwili uliozoea dawa hiyo husahau kujitengenezea yake, na mtu aweza kuanguka, presha ikashuka, akafa.

Lakini jirani yetu hakukosa katika neno moja: dawa hizi ni kali kweli. Askari wakitulizwa, vijidudu hupata nafasi. Sikatai. Ila nasema kwamba dawa kali haiachwi, hulindwa. Na ulinzi wake ndio huu.

Kwanza, vipimo. Kabla ya kuanza, mgonjwa atazamwe kifua kikuu, virusi vya ukimwi, homa ya ini, na minyoo. Wako minyoo wadogo ambao prednisoloni huwapa nguvu hata wakaenea mwili mzima. Kisha damu na mkojo vipimwe mara kwa mara. Kwa mikofenolati, damu hupimwa kila juma katika mwezi wa kwanza, mara 2 kwa mwezi katika miezi 2 inayofuata, kisha kila mwezi mpaka mwaka utimie. Mtu anywaye vidonge bila kupimwa ni kama atembeaye usiku bila taa. Na yule wa hidroksiklorokwini apimwe macho pia kwa muda wake.

Pili, homa. Mwenye kunywa dawa hizi akiwa na homa ya 38 au zaidi, asingoje kesho. Aende hospitali siku ile ile. Asiseme, “Ni malaria tu,” akanunua vidonge sokoni. Huenda ni malaria, huenda ni ugonjwa mwingine umeingia katika damu. Amwambie mwuguzi mara moja dawa anazokunywa.

Tatu, dawa nyingine. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kwa ajili ya maumivu ya viungo, huumiza mafigo. Alopurinoli, dawa ya jongo, ikichanganywa na azathioprini huweza kuharibu damu vibaya sana. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huzuia mikofenolati isiingie vema mwilini; zisinywewe pamoja. Miti shamba ya kuchemsha, ambayo hatujui nguvu yake, iache. Chanjo zenye kijidudu hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, asichomwe mpaka daktari akubali. Wewe uvukaye mpaka, neno hili la homa ya manjano lishike sana.

Nne, saa. Mikofenolati hunywewa mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni. Ukisahau, usinywe mara mbili ili kulipa deni. Ikikusumbua tumbo, mwambie daktari; aweza kuigawa au kuibadili. Wala usimgawie jirani yako kwa sababu naye viungo vinamwuma.

Tano, mimba. Hapa nasema na waume pia. Mikofenolati huharibu mimba: mimba nyingi hutoka, na watoto wengine huzaliwa na kasoro ya masikio au mdomo. Mwanamke apimwe mimba kabla ya kuanza dawa hiyo, kisha atumie njia ya kuzuia mimba iliyochaguliwa pamoja na daktari, maana vidonge vingine vya uzazi havifai katika lupusi kali. Je, hatazaa kamwe? Sivyo. Ugonjwa ukiwa umetulia miezi 6 au zaidi, daktari aweza kuondoa mikofenolati, si chini ya majuma 6 kabla ya mimba, na kumpa azathioprini, ambayo wajawazito wengi wameitumia salama. Hidroksiklorokwini huendelea. Basi, mume amtakaye mtoto aende pamoja na mkewe kwa daktari, wala asimwambie atupe vidonge vyote kwa siri. Na aliyekwisha kupata mimba asijifiche kwa hofu. Afike hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine huniuliza, “Je, tukiombewa, bado tunywe dawa?” Mimi ni mwinjilisti, nami huomba pamoja na wagonjwa. Lakini kumbukeni wale wenye ukoma: Bwana Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Hakuwaambia waogope kuangaliwa. Kama umepona, mkojo wako utashuhudia, na daktari mwenyewe atapunguza dawa. Mchungaji amwambiaye mgonjwa aache vidonge bila kipimo anabeba mzigo usio wake.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni letu sisi wa mpakani. Siku ya 13 Juni 2022, M23 waliuchukua mji wa Bunagana. Maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda, wengi wakafika Nyakabande karibu na Kisoro. Mtu akimbiapo huchukua mtoto, sufuria na blanketi. Mfikiri mwenye lupusi aliyeacha vidonge vyake juu ya kabati. Amefika salama kwa bunduki, lakini hajafika salama kwa ugonjwa wake. Tena katika Januari 2025 vita ilifika Goma, mji ambao kutoka hapa ni kama kilomita 100, nako ndiko wengi hutafuta matibabu makubwa. Njia ikifungwa, siku za vidonge huhesabika.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila mwenye ugonjwa huu amwombe daktari dawa ya akiba, hata ya mwezi mmoja, kama yaweza kupatikana. Aiweke katika mfuko mdogo usioingia maji, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina la ugonjwa, majina ya dawa, kipimo cha kila moja, na tarehe ya kupimwa mwisho. Daktari wa upande wa pili wa mpaka akiisoma karatasi hiyo, hatapoteza siku nyingi akibahatisha. Mfuko huo ukae karibu na mlango, na mtu mwingine nyumbani ajue ulipo. Na vyama vyetu vya kusaidiana, ambavyo hukusanya fedha upesi kwa ajili ya jeneza, vikusanye pia kwa ajili ya vidonge na nauli. Ni heri kuchanga mapema kuliko kuchanga tukilia.

Wewe jirani, hujakatazwa kusema. Tunakuhitaji useme. Ila badili maneno yako. Ukimwona dada yule uso wake umeshuka, furahi pamoja naye, kisha mwulize: “Umepimwa mkojo lini? Vidonge vimebaki vya siku ngapi?” Akijibu kwamba ni vya siku 5, usiende zako. Kaa naye, mtafute pamoja nauli ya kwenda hospitali.