Hakuna Namba za Matajiri

Kwetu Section 58 kumezuka ubishi. Mjomba ameuza viazi vyake vya Molo na sasa anataka mtambo wa CD wa kifahari: mashine moja ya kuzungusha CD, na ya pili ya kugeuza namba kuwa sauti. Pesa zenyewe ndizo mwezi jana zilikuwa zikiitwa karo yangu!

Mimi naona amepotea. Tangu Sony na Philips walete CD mwaka wa 1982, muziki wake huandikwa kwa namba. Leza husoma vipimo 44,100 kila sekunde, kwa spika ya kushoto na vivyo hivyo ya kulia. CD ikiwa haijakwaruzika vibaya, mashine ya bei rahisi inasoma namba zile zile.

Tofauti kubwa iko kwenye spika na mahali zinapokaa. Jumapili niliteremsha zetu kuukuu kutoka juu ya kabati, nikaziweka kwenye stuli zikitazama kochi. Besi iliyokuwa ikinguruma kama kinu cha posho ikatulia, gitaa la benga likasikika waya kwa waya. Mjomba mwenyewe aliacha chai ikapoa. Sikutumia hata ndururu.

Eti mashine ghali hudumu. Hapo simpingi sana, maana yetu huruka wimbo lori likipita. Lakini stima ikipotea zote hunyamaza. Basi anunue spika nzuri, na chenji ailete kwa basa wa shule.