MTOTO AKISUMBUA, TUMPELEKE KWA NANI?



Tukikutana baada ya zamu huzungumza mishahara na saa za kazi. Lakini liko jambo jingine ambalo wenzetu wengi wanalo nyumbani, nao huona haya kulisema: mtoto mwenye tabia ngumu. Anapiga wenzake, hatulii darasani, hasikii la mama wala la baba. Mwalimu amekwisha andika barua mara tatu, na majirani wanasema mzazi ndiye aliyemdekeza.

Mwenzetu mmoja wa hoteli hapa Malindi alipatwa na haya. Alimpeleka mwanawe kwa mtu aliyejiita mshauri wa watoto. Mtu huyo hakuuliza mtoto alizaliwaje wala aliugua nini. Alitaka fedha kwanza, akaahidi kwamba katika majuma mawili mtoto atatulia kama maji ya mtungini, kisha akamwambia baba aongeze fimbo. Nusu ya mshahara ikaenda. Baadaye hospitali ikampima mtoto masikio, ikaonekana hasikii vizuri. Kumbe tuliyemwita mkaidi alikuwa hatusikii!

Hatusemi haya kwa kumcheka mwenzetu. Yeyote kati yetu angeweza kunaswa vivyo hivyo.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, mwili upimwe kabla ya tabia. Huku kwetu pwani malaria kali ikifika ubongoni huweza kumwachia mtoto kifafa, uzito wa kusema, au tabia iliyobadilika. Huu si uvumi. Watafiti wa KEMRI pale Kilifi, kituo kilichoanza mwaka 1989, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Wazee wetu waliita degedege nyuni, na wako ambao bado huanza kwa mganga. Hatumkatazi mtu imani yake, lakini dawa ya kifafa iko hospitali, na mtoto asinyimwe.

Pili, mwulize mtaalamu maswali kama umwulizavyo fundi kabla ya kumkabidhi mashua. Amesoma wapi? Amesajiliwa? Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 yataka afanyaye kazi hii awe amesajiliwa. Amezoea watoto, au watu wazima tu? Aweza kusema na mtoto kwa Kiswahili au Kigiriama? Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Tatu, tazama anavyofanya. Aliye mwema huanza kwa kusikiliza. Huwaita mama na baba, au bibi anayelea. Hutaka habari za mwalimu. Huwafundisha wazazi kumsifu mtoto afanyapo vema na kumkanya bila kumpiga. Lakini anayeahidi siku ya kupona, mwondokee. Anayekuficha anayofanya na mwanao, mwondokee. Na anayeleta fimbo, vilevile: fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza adhabu ya viboko. Basi itakuwaje dawa?

Sasa twaja kwenye chama. Matibabu haya hayaishi kwa siku moja. Mtoto hurudi juma baada ya juma. Mfanyakazi wa hoteli au wa chumvi huogopa kuomba ruhusa mara ya tatu, asije akakatwa siku yake. Kwa hiyo wengi huacha njiani, na fedha ya mwanzo ikapotea bure. Twaitaka halmashauri yetu, itakapokaa na waajiri kwa mapatano mapya, idai ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayempeleka mtoto kutibiwa. Tena wanachama waliokwisha kumpata mtaalamu mwema wamwarifu katibu wa tawi, ili wengine wasitapeliwe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ndugu, lakini kukunja si kuvunja.