JIWE SI BREKI

Ndugu wanachama, na hasa ninyi madereva, mataniboi na mafundi wa gereji,

Simameni kwa saa moja tu katika mtaa wowote wenye mteremko mjini Nyeri, au Karatina siku ya soko, au Nanyuki pale malori yanaposhusha simiti. Mtaona jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Lori lasimama mlimani. Dereva avuta hendibreki mpaka mkono wake wafika kifuani, kisha apiga kelele, "Weka mawe!" Taniboi aruka chini na jiwe lake, akimbilia nyuma ya gurudumu, na lori likirudi kidogo yeye yuko pale pale, baina ya mzigo na ukuta. Jiwe hilo lina mahali pake maalum ndani ya gari, kama vile jeki na spana. Tofauti ni kwamba jeki ilinunuliwa, na jiwe lilipatikana bure.

Sisi twasema kwamba jiwe hilo ndilo breki ya tajiri, na mkono wa taniboi ndio waya wake. Hatulitaki. Tusieleweke vibaya: hatukatai kigingi. Dereva mwenye akili huweka kigingi juu ya breki nzima. Tunachokataa ni kigingi kuwa badala ya breki.

Wenye magari wana jibu lao, nalo ni moja tangu zamani: "Gari hili ni kuukuu, na hendibreki ya gari kuukuu haishiki." Huo ni uongo, na kila fundi aujua. Hendibreki ya gari kuukuu ni kitu chepesi kuliko vingi vilivyomo garini. Kuna mkono, kuna waya, kuna viatu viwili vyenye lainingi ndani ya dramu, basi. Lainingi zikiisha, viatu huwa mbali na dramu, na mkono hupanda juu zaidi kabla ya kushika. Tope jekundu la Othaya na Mukurwe-ini likiingia katika ala ya waya, waya hushika kutu na kukwama. Sili ya ekseli ikivuja, oili hulowesha lainingi, na lainingi iliyolowa haishiki hata ukivuta kwa mikono miwili. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloitwa uzee. Yote huitwa kutotengenezwa. Ni kazi ya mchana mmoja na spea chache.

Lakini fundi hapewi mchana mmoja. Huambiwa, "Kaza waya tu, gari liondoke." Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana amri hiyo ndiyo inayoharibu breki, kisha fundi huitwa mjinga.

Waya ukikazwa kwanza, kabla ya kurekebisha viatu, viatu hubaki vimevutwa hata mkono ukiwa chini. Gari huondoka likijisugua. Likiteremka mabonde ya Mukurwe-ini dramu huwaka moto, lainingi huungua na kung'aa kama kioo, na baada ya hapo haina mshiko. Tena katika magari ambayo viatu vyake hujirekebisha vyenyewe, kile kifaa cha kujirekebisha hakifanyi kazi, kwa kuwa mkono mdogo ulio ndani ya dramu haurudi mahali pake. Baada ya mwezi hendibreki imelegea tena, nao waukaza tena, mpaka uzi wa skurubu waisha. Ndipo jiwe latafutwa.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kufuata mpango. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi mbele na nyuma, nyuma painuliwe na kukalishwa juu ya vyuma imara, siyo juu ya jeki peke yake. Hendibreki ishushwe kabisa na waya ulegezwe. Toeni dramu mtazame. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, bali lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu lainingi za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Ikiwa lainingi imelowa oili, kuiosha kwa petroli ni kujidanganya: badilisheni sili, kisha badilisheni lainingi za pande zote mbili. Rudisheni dramu, na kwa bisibisi zungusheni lile gurudumu dogo lenye meno, kupitia tundu la bamba la nyuma, mpaka gurudumu la gari likatae kuzunguka, halafu rudisheni meno machache mpaka lizunguke huru. Kanyageni breki ya mguu mara kadhaa ili viatu vikae sawa, mjaribu tena. Fanyeni hivyo pande zote mbili. Waya hukazwa mwisho, mpaka hendibreki ishike katika jino la tano au la sita hivi, au kama kitabu cha gari kisemavyo. Mkono ukiwa chini, magurudumu yote mawili yazunguke bila kukwaruza. Moja likishika na jingine likaachia, waya umekwama, na dawa yake ni waya mpya.

Wenye Land Rover za zamani, na malori mengi madogo ya Isuzu, wajue kwamba breki yao ya mkono haiko magurudumuni. Iko nyuma ya giaboksi na hushika shafti. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, hendibreki haizuii gari tena, hata ikiwa mpya: difu huliacha gurudumu lililo hewani lizunguke kinyume, na gari huteremka kutoka juu ya jeki. Taniboi anayetumwa kubadilisha tairi mlimani bila kigingi hajaambiwa hayo na mtu yeyote. Na dereva asemaye "nimetia gia" akumbuke kwamba injini kuukuu isiyo na nguvu ya kubana huachia kidogo kidogo.

Basi likitumbukia, kama lilivyotumbukia kwenye Daraja la Nithi mwezi wa Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa, nchi nzima huzungumza habari za breki kwa juma moja. Mguu wa taniboi ukipondwa penye kituo cha majani ya chai, hakuna aandikaye.

Tena gari likirudi nyuma na kugonga ukuta, dereva ndiye akatwaye mshahara. Wenzetu wengi hudhani tajiri ana haki hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa ikiwa mfanyakazi amekosa kwa makusudi. Makusudi yako wapi kwa mtu aliyesema tangu Jumatatu kwamba hendibreki haishiki? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na yakataza kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Lakini maneno ya mdomo hupotea. Mara nyingi msimamizi husema hakuambiwa. Kwa hiyo twataka kila gereji na kila stoo iwe na daftari la makosa ya magari, na dereva aandike namba ya gari, tarehe na kosa, msimamizi atie sahihi. Akikataa, mwenzako mmoja atie sahihi kama shahidi. Twataka kila lori lipewe vigingi viwili vya mbao vya kununuliwa, vyenye kamba, ili mtu avivute akiwa kando na siyo nyuma ya gurudumu. Twataka fundi apewe muda wa kutoa dramu.

Mpaka hapo, breki isiposhika mlimani, gari lishushwe likasimamishwe mahali tambarare, na funguo zipelekwe ofisini pamoja na daftari. Tajiri akiuliza kwa nini mzigo haujaondoka, mwonyesheni ukurasa.