Fundi wa Kisima cha Ubatizo

Katika makanisa mengi ya zamani, mara nyingi karibu na mlango, huwapo chombo cha kutilia maji ya ubatizo. Watu hukiita kisima, ingawa hakikuchimbwa ardhini wala hakina chemchemi. Mtoto wa Matombo au wa Mgeta, aliyezoea kuona maji yakitoka maweni na kushuka bure hata mto Ruvu, huenda akacheka akisikia chombo kidogo namna ile kikiitwa kisima. Lakini jina limekwisha kukaa, wala si vema kugombana na jina.

Kaskazini ya Uingereza, katika kijiji cha Bridekirk, kimo kisima cha namna hii kilichochongwa katika jiwe yapata miaka 850 iliyopita. Kanisa linalokihifadhi si la zamani. Lilijengwa upya kati ya mwaka 1868 na 1870. Kuta za kwanza zimekwisha kuondoka, na kisima kingali kipo. Pande zake nne zimejaa nakshi. Upande mmoja Bwana Yesu anabatizwa. Upande mwingine Adamu na Hawa wanafukuzwa katika bustani. Na upande mmoja, chini ya mstari wa maandishi ya kale, yuko mtu mdogo ameshika nyundo na patasi, anafanya kazi. Huyo ndiye fundi mwenyewe. Maandishi yanasema jina lake: Rikarth.

Hakuna ajuaye alizaliwa wapi wala alizikwa wapi. Hata hivyo kila mtoto aliyeletwa pale kubatizwa aliletwa mbele ya jina lake, na wafalme wengi wa zamani zake wamesahauliwa na watu wa kijiji kile kabla yake. Tena si visima vyote vya Uingereza vilivyopata bahati hiyo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, vingi vilitolewa makanisani, na vingine vikafanywa vyombo vya kunyweshea wanyama. Mfalme aliporudi mwaka 1660, watu walianza kuvirudisha au kuchonga vipya. Jiwe likikosa mtu wa kulijua, hugeuka kuwa jiwe tu.

Sasa na tazame kila mtu upande wa kwetu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka huo huo msingi wa kanisa kubwa uliwekwa pale pale, Mkunazini. Askofu Edward Steere alilisimamia jengo hilo, naye alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Jina lake linajulikana sana, na ni haki lijulikane, maana alitaka paa la duara la mawe na saruji, watu wakasema litaanguka, na hata leo halijaanguka. Lakini ni nani waliochoma chokaa? Ni nani waliopanda juu na karai kichwani? Habari yao isimuliwayo kwa wageni ni moja tu: ya kwamba askofu alipokuwa safarini walizisimamisha nguzo kadhaa juu chini. Wageni hucheka, kisha huenda zao. Nguzo zimebeba mzigo wake miaka hii yote, na waliozisimamisha wamebakiwa na kosa lao bila jina.

Jambo hili si haki. Mtu akikumbukwa kwa kosa lake na kusahauliwa kwa kazi yake, ameibiwa mara mbili.

Uluguru nao una deni la namna hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watoto waliouzwa. Baadaye wakaingia bara, wakaweka misheni Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro, na Matombo mwaka 1897. Mapadre hawakuinua kuta kwa mikono yao peke yao. Mawe yalivunjwa na kubebwa na watu, na ajuaye njia za milima ile ajua maana ya kupanda na jiwe begani.

Wako watakaosema kwamba si adabu kuandika jina la fundi kanisani, kwa kuwa ni majivuno. Rikarth hakujivuna; alijichora mdogo, akiwa kazini. Wengine watasema muda umepita, wazee wamekufa. Neno hili lina nguvu zaidi, lakini halitoshi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na wako bibi wanaoweza kutaja waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka mtoto asikiaye asinzie. Katika majina hayo huenda yumo mchukuzi wa mawe, au mwashi, au mwanamke aliyeteka maji ya kuchanganyia udongo.

Kazi hii yawafaa wanafunzi kuliko watu wazima, kwa sababu bibi hachoki upesi kumjibu mjukuu. Daftari moja na kalamu moja vyatosha. Mwanafunzi aandike jina, ukoo, kijiji na kazi aliyofanya mtu huyo. Na kama bibi hana hakika, aandike hivyo pia. Kisha daftari liwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo, maana majina mengine huenda yamo humo tayari, yameandikwa siku yule mchukuzi wa mawe alipoinama mwenyewe juu ya maji.