SAA ISIWE NA VIBABA VIWILI

Ndugu Wafanya Kazi,

Sisi watu wa reli hatuogopi saa. Treni ikichelewa dakika tano, stesheni zote za mbele zajua. Basi asije mtu akatuambia kwamba tunapinga saa kwa sababu tu wavivu. Hilo ni neno la kutuziba midomo.

Tunalopinga ni hili. Siku hizi makarani, wachora ramani na vijana wanaofanya kazi za miradi kwa kompyuta wanawekewa programu ya kuhesabu saa. Haingojei mtu aandike mwenyewe. Huandika yenyewe ni faili gani limefunguliwa, kwa dakika ngapi, na kwa mradi gani. Nyingine huhesabu kila mguso wa vidole, na nyingine hupiga picha ya skrini mara kwa mara. Kijana wa Nairobi anayemfanyia kazi tajiri wa ng'ambo akiondoa mkono kidogo tu, aweza kuandikwa kwamba hakuwa kazini, na dakika hizo asilipwe.

Sasa twauliza: kazi ni vidole? Mtu wa siginali aweza kukaa saa nzima bila treni kupita. Hajashika kitu. Je, hafanyi kazi? Mwacheni aende zake nyumbani, ndipo mtajua kama alikuwa akifanya kazi au hakuwa! Karani naye akisoma hesabu kwenye karatasi, akimweleza mwenzake jambo kwa mdomo, au akifikiri kabla ya kuandika, hayo yote ni kazi. Mashine haiyaoni.

Tena tazameni ujanja wake. Programu hiyo hiyo yaweza kuonyesha kwamba karani alianza saa moja asubuhi na kumaliza saa tatu usiku. Lakini tajiri mwenye hila hukata dakika za kimya, na za ovataimu hazioni. Hivyo ni vibaba viwili katika duka moja: kikubwa cha kununulia mahindi ya mkulima, kidogo cha kumwuzia.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1911 huko Watertown, Marekani, katika karakana ya silaha ya serikali, mafundi wa kusubu chuma walisimamiwa na mtu mwenye saa mkononi akiwapima. Fundi mmoja alikataa kupimwa, akafukuzwa. Wenzake wakaweka zana chini, wakatoka. Bunge lao likachunguza, na mwaka 1915 likakataza fedha za serikali zisitumiwe kwa upimaji huo katika karakana za jeshi. Hawakushinda kwa kunung'unika mmoja mmoja.

Hatusemi kompyuta zivunjwe. Saa ya haki yaweza kuwa shahidi wetu. Tunadai haya:

1. Programu isiwekwe kabla ya mapatano na chama.
2. Kila mtu aone yaliyoandikwa juu yake, na aweze kuyasahihisha.
3. Dakika ya kufikiri, kusoma na kungojea kazi ilipwe.
4. Saa ile ile inayokata mshahara ihesabu ovataimu pia.
5. Kusiwe na picha za skrini wala kupelelezwa nyumbani.

Sheria iko. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya mtu, na cha 41 haki zake kazini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa nini, na haki ya kuziona. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlishi mtu.

Kwa hiyo, ndugu, ukiletewa karatasi ya kuikubali programu hiyo, usitie sahihi peke yako. Ilete kwa katibu wa tawi. Mmoja akikataa huitwa mkaidi. Tukikataa wote, tajiri huvuta kiti tuzungumze.

Umoja ni nguvu!