Pesti ya nguruwe haiponi kwa sindano, inazuiwa na umoja

Wakulima wenzetu wa Masisi na Walikale, pesti ya nguruwe ikiingia kijijini tunaona mambo mawili. Mtu anakimbilia farmasi kununua antibiotike. Ikishindwa, anapeleka nguruwe sokoni mbiombio kabla hajafa. Kwa maoni yangu, njia zote mbili zinatumaliza.

Tuelewe ugonjwa wenyewe. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Virusi vyake haviwezi kuzaana peke yao. Vinaingia ndani ya seli zinazolinda mwili, yaani askari wa nguruwe. Kwa kawaida seli ikivamiwa inatuma habari kwa jirani zake, kama vile mtu anavyopiga filimbi usiku wezi wakiingia. Virusi hivi vinanyamazisha ile filimbi, tena vinazuia seli isife mapema, mpaka vimalize kuzaana humo. Antibiotike inaua bakteria tu, virusi haviguswi.

Ngiri wa pori anabeba virusi hivi bila kuugua. Mwaka 2020 watafiti wa Roslin Institute, Uskoti, walitangaza matokeo ya nguruwe wa kufugwa waliopewa umbo la jeni ya ngiri inayohusika na ile filimbi. Waliugua tu kama wenzao. Basi tusikae kungoja nguruwe wa maajabu.

Najua mtu atauliza: "Nguruwe ndiye minervali ya watoto, nimuache afe bure?" Ana haki kuuliza. Lakini nyama na damu yake, hata ikiwa haidhuru watu, inapeleka virusi kwenye banda la mwingine, na kesho minervali ya kijiji kizima inapotea.

Ndiyo maana koperative iweke sheria: atakayetangaza ugonjwa mapema na kufukia mzoga chini sana, asibaki peke yake na hasara. Banda lake lisafishwe, likae tupu siku 40 angalau, kisha wanachama ambao nguruwe wao wamezaa wampe kitoto mmoja.

Huku tukifunga nguruwe wasizurure, na kuchemsha mabaki ya chakula nusu saa kabla ya kuwapa. Mtu akijua hataachwa, hataficha ugonjwa. Filimbi ya nguruwe ikinyamazishwa, yetu sisi ipigwe.