Wimbo wa Taifa Si Gwaride

Watoto wa Golbanti waimbapo Wimbo wa Taifa, yafaa wajue kwamba lahani yake ilitoka kwao. Mwaka 1963, tume ya wanamuziki watano, wakiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, ikauvika maneno ya dua.

Asili hiyo ndiyo siri ya tabia yake. Nyimbo nyingi za mataifa hufuata hatua za askari, kwa ngazi ya sauti yenye shangwe. Wetu huelea katika ngazi ya majonzi tulivu, mfano wa mama ambembelezaye mwanawe. Mwalimu awaharakishaye wanafunzi ili kipindi kianze huigeuza dua kuwa amri.

Wako watakaosema kwamba nota zimekwisha kuandikwa, hivyo hakuna kitakachopotea. La hasha! Nota huhifadhi sauti. Pumzi na vituo hukaa kifuani mwa mwimbaji. Basi shule za Garsen na ziwaalike mabibi wa Kipokomo waimbe mbele ya wanafunzi, na sauti zao zirekodiwe papo hapo, wangali hai.